Neno lililokutia matatani

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hatujambo, ila umeme umekatika tangu magharibi na nakuandikia kwa taa ya simu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi shemeji yako akauliza kuna nini. Mara ya pili sikucheka.

Kwa hiyo uliandika kwenye ripoti ya zamu, hapo nyumba ya wazee unakofanya kazi ughaibuni, kwamba yule bibi wa chumba cha mwisho ni "emaciated", na kabla hujavua aproni meneja kakuita, kakuketisha, kakuuliza maswali kama ya polisi. Nawe ulitaka kusema tu kwamba ni mwembamba, kwa Kiingereza cha kupendeza. Nakujua. Tangu sekondari ukiliona neno refu hulipiti hivi hivi.

Somo, lile si neno la mapambo. Sisi tuna "mwembamba" na tuna "amekonda", na ni vitu viwili. Mwembamba ni umbo lake, kazaliwa nalo, na shangazi zake wote wako hivyo. Mimi mwenyewe niliimbiwa "kimbaumbau mwiko wa pilau" mtaa mzima, na hakuna aliyenipeleka hospitali. Lakini "amekonda" ni habari. Ukiambiwa fulani amekonda, unauliza papo hapo: "Kafanyaje?" Hakuna anayeuliza hivyo kwa mtu mwembamba.

"Emaciated" liko upande wa kukonda, tena kule mwisho kabisa: mashavu yamebonyea, mifupa ya mabega imechomoza, mbavu zinahesabika. Kwetu tungesema amebaki mifupa na ngozi, amekauka kama ng'onda. Limetoka kwenye Kilatini, "macies", yaani ukondefu, na ndugu yake "meagre" alipitia Ufaransa akaishia kwenye mishahara midogo na chakula haba. Hili letu limebaki kwenye mwili wa kiumbe. Waya hauitwi hivyo, wala uzi. Utalikuta kwenye cheti cha daktari, au kwenye kesi ya mtu aliyemwacha mbwa wake na njaa. Basi mzee wa kulelewa akiandikwa hivyo, msomaji wa huko anasikia kwamba bibi hapewi chakula, au anaumwa na wote mmefumba macho. Meneja wako aliona mkaguzi mlangoni.

Kule kliniki ya watoto nilikofanyia kazi tulikuwa na mkanda wa kupima mkono, unauona? Unazungushwa katikati ya mkono wa juu, unavutwa taratibu, kisha unasoma rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto anaanza matibabu ya utapiamlo mkali. Siku moja mama mmoja aliichukua ile ncha mikononi mwangu, akalegeza mkanda kidogo, mpaka njano ikatokea. Hakusema kitu. Alikuwa anajua nyekundu inamsema nani.

Hata neno zuri huharibika. Miaka ya 1980 ukimwi ulipoingia Uganda, watu waliuita "slim", yaani mwembamba wa kupendeza, neno lile lile ambalo wenzetu wa huko uliko hulilipia pesa gimu. Mwaka 1985 madaktari wakauandika kwa jina hilo hilo kwenye jarida la Lancet. Kagera walikuwa na jina lao, Juliana, la kitambaa cha magendo kilichovuma wakati ule. Ndiyo maana mpaka leo mama zetu ukiwaambia "umekonda" wanashika shavu, na ukisema "umenenepa" wanakuongezea wali.

Sasa la kufanya. Kwenye ripoti andika "thin" kama ni umbo lake. Kama una wasiwasi, achana na maneno, andika kilo. Umesema hapo mnatumia kipimo cha MUST, kile cha kuangalia hatari ya utapiamlo kwa watu wazima. Mtu akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ndani ya miezi mitatu hadi sita, bila kukusudia, anapata alama 2, na hiyo tayari ni hatari kubwa. Yaani alikuwa na kilo 50, leo ana 44: hapo hakuna wa kukuuliza Kiingereza chako umekitoa wapi.

Na ndicho kilichoninyamazisha mara ya pili. Mwishoni kabisa mwa ujumbe, ukicheka, umesema bibi anakuchosha kila asubuhi, anataka umzungushie uzi kwenye pete ya ndoa isimdondoke. Somo, mtu aliyezaliwa mwembamba pete yake ilinunuliwa kwa kidole hicho hicho. Uzi ulianza lini?

Kesho ukiingia zamu, kabla ya chai, fungua faili lake uangalie uzito wa miezi sita iliyopita. Kisha nipigie, hata kama huku ni usiku.

Somo wako