Tukipime kwanza kipimo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu vipimo vya utambuzi wa sauti wanavyopewa watoto wa darasa la kwanza na la pili.

Nafundisha darasa la kwanza wilayani Magu. Muhula uliopita walikuja wapimaji wawili. Mtoto anaitwa peke yake, anakaa kwenye benchi chini ya mwembe, anatajiwa maneno 10, na kila neno aseme linaanza na sauti gani. Kwenye neno "mtu" mtoto mmoja akajibu "mu". Mpimaji akaandika sifuri. Baadaye kidogo jirani yake wa dawati akajibu vilevile kwa mpimaji wa pili, akapewa alama.

Kwao wanazungumza Kisukuma, na mtu kwa Kisukuma ni "munhu". Masikio ya watoto hawa hayana kasoro. Tena "m" ya mtu si kama ya meza. Ya mtu ni silabi nzima, inasimama peke yake. Waambie watoto wapige makofi kwa kila silabi: "mbwa" makofi mawili, m-bwa, "mbuzi" nayo mawili, lakini mbu-zi. Walimu wenyewe tunabishana hapo. Kama mwongozo wa mpimaji hausemi jibu lipi lipokelewe, kila mmoja atasahihisha anavyoona yeye.

Halafu maneno 10 ni machache mno. Watakwimu wana kanuni ya tangu 1910, ya Spearman na Brown: kipimo ambacho kuaminika kwake, yaani kiasi kinavyotoa matokeo yaleyale kikirudiwa, ni 0.60 kati ya 1, ukikiongeza maswali mara mbili, ya aina ileile, kinafika 0.75. Na swali la ndiyo au hapana, kama "paka na panya yanaanza sawa?", hata anayebahatisha anapata nusu.

Binti mmoja alipata mawili kati ya 10. Siku hiyo darasa la jirani lilikuwa linaimba majedwali kwa sauti ya juu. Baada ya siku nne nikamrudia kwa maneno yaleyale, darasani, kukiwa kimya. Akapata saba. Kuyasikia mara ya pili kulimsaidia, sikatai, ila kutoka mawili hadi saba bila kufundishwa chochote si mazoea peke yake.

Ninachowaomba wanaoleta vipimo hivi: wapimaji wawili wamsikilize mtoto mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu aandike lake, kisha walinganishe kabla kazi haijaanza. Baadhi ya watoto warudiwe baada ya wiki. Na matokeo yakitangazwa, kiwango cha kuaminika kwa kipimo kitangazwe pamoja nayo, wazazi na walimu wakione.

Yule binti bado yuko kundi la marudio kwa sababu ya yale mawili. Mama yake alikuja kuniuliza kama mwanawe anasikia vizuri. Nimemjibu anasikia.

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Magu, Mwanza