Kwa nini hosteli imesimama: barua kwa shosti wa Mwanza

Makongo Juu,
Dar es Salaam.
8 Desemba 2024

Shosti yangu,

Salamu kutoka kwenye joto. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale ulipoanza kufoka. Una haki. Mwanao, binti wa dada yako, aliambiwa Januari atapata chumba hosteli mpya, na sasa anaambiwa ujenzi umesimama na hapewi tarehe. Umeniuliza kama wakubwa wetu wamekula hela. Safari hii hapana, au tuseme hilo silo lililosimamisha kazi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na kwa sababu nilikuwemo kikaoni ilipoamuliwa isimame, nikiandika muhtasari kama kawaida yangu. Tafadhali usiirushe kwenye kundi la ukoo.

Kikao cha Baraza la Chuo kilipangwa muda mrefu. Kabrasha lilikuwa limeshachapwa kabla ya Jumamosi ile, tarehe 16 Novemba, ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka, pale mitaa ya Mchikichi na Congo. Uliona kwenye televisheni. Sisi huku tuliishi nayo. Kila mtu Dar ana mtu Kariakoo: mwenye duka, kuli, au mtoto wa jirani anayeuza nguo za mtumba wikiendi. Watu walikuwa chini ya kifusi wakiongea na ndugu zao kwa simu, waokoaji wakiwapitishia maji na glukosi kwenye matundu. Hadi tunakaa kikaoni waliofariki walikuwa wameshazidi 20.

Basi ikabidi ajenda ya pole ichomekwe mwanzoni, kabla ya yatokanayo. Tukasimama dakika moja. Halafu wajumbe wakaanza kuandaa tamko, na hapo ndipo nilipochoka. Iwe "masikitiko makubwa" au "majonzi makubwa"? Serikali itajwe kabla ya familia za marehemu au baada yake? Zaidi ya nusu saa, shosti. Bahasha ya rambirambi ikazungushwa, wengi wakatia posho yao ya siku ile yote, na hilo nawasifu. Wawili walipata simu za dharura bahasha ilipowakaribia. Hilo sikuliandika.

Baada ya hapo Mwenyekiti akashukuru, tukaendelea. Msiba ulikuwa ajenda namba mbili na ulishafungwa. Hosteli ilikuwa namba saba.

Ngoja nikuambie namba saba huwa inapitaje. Meneja wa miradi anasimama, tunaoneshwa picha za jengo ukutani, asilimia ya kazi iliyofanyika, asilimia ya fedha iliyolipwa, Baraza linapokea na kuridhia, chai inaingia. Safari hii mzee mmoja, mhandisi mstaafu ambaye kwa kawaida husinzia mpaka mengineyo, akauliza vipimo vya zege viko ukurasa wa ngapi. Havikuwepo. Picha kumi na mbili za rangi, vipimo hakuna hata kimoja. Meneja akasema viko kwa mshauri elekezi, yaani mtaalamu anayemsimamia mkandarasi kwa niaba yetu. Mzee akasema sawa, aitwe, tutamsubiri.

Nilijifunza mambo siku hiyo. Zege likimwagwa, kiasi chake huchukuliwa na kumiminwa kwenye viboksi vya sentimita 15 kila upande, likakauka, likalowekwa majini, kisha vile vipande vinapondwa kwenye mashine kuona vinavunjika kwa nguvu kiasi gani. Vingine hupondwa siku ya 7, vingine siku ya 28. Siku ya 7 zege lina kama theluthi mbili tu ya nguvu zake, kwa hiyo jibu linalohesabika ni lile la siku ya 28. Mshauri akaja na faili lake. Ghorofa ya kwanza, majibu yote yapo. Ya pili, ya siku ya 7 tu. Na ya tatu ilikuwa imeshamwagwa juu yake, hati ya malipo imesainiwa, na zege la ya nne limepangwa wiki inayofuata!

Chumba kikanyamaza. Mjumbe mmoja akajaribu kutuokoa: Waziri Mkuu ameshaunda timu ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo, kwa nini tusisubiri ripoti yao? Mzee akamjibu kwamba timu hiyo imetumwa Kariakoo, haikutumwa kwetu. Akatukumbusha Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar lilivyolala chini na kuua watu 36. Akauliza baraza zetu za siku zile zilifanya nini. Mimi najua, maana niliyafukua majalada: zilituma pole.

Aliyepinga kwa hoja ni rais wa serikali ya wanafunzi. Kijana alisema vizuri kuliko wote. Kwamba kila mwezi hosteli inapochelewa, wenzake wanapanga vyumba mitaani, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkupuo, wasichana wanarudi usiku kutoka maktaba kwa njia zisizo na taa. Kwamba hatari hiyo nayo ni hatari, ila haina picha kwenye magazeti. Hakuna aliyemjibu. Mpaka leo sina jibu, na najua ndicho unachokisema wewe.

Uamuzi: kazi isimame, nguzo za ghorofa ya pili zitobolewe, vipande vikapimwe kwenye maabara ambayo mkandarasi hakuichagua, na malipo yasubiri. Mimi nauunga mkono, ingawa naamini nusu ya wajumbe walinyanyua mikono kwa kuogopa majina yao yasije kutokea kwenye ripoti ya tume siku moja. Hofu hiyo na iwepo. Kinachonikera ni kwamba swali lile lingeweza kuulizwa kikao chochote cha mwaka huu, na isingekuwa Kariakoo tungekula sambusa tukaridhia.

Wewe wa Mwanza huhitaji kuambiwa. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ukara, Septemba 2018, kilikuwa kimesajiliwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Namba ilikuwepo kwenye karatasi, na hakuna aliyeisimamia pale gatini.

Majibu ya maabara tunayategemea kabla ya Krismasi. Yakiwa mazuri, kazi itarudi Januari, na vyumba labda Aprili. Yakiwa mabaya, ghorofa mbili zitavunjwa, na hapo sithubutu kukutajia mwezi.

Kwa hiyo binti asilipe kodi ya miezi sita kwa mtu. Aje kwangu. Chumba cha mbele kiko wazi tangu mdogo wangu aolewe, godoro lipo. Alete chandarua na shuka zake. Mwambie tu kwamba mimi hufunga geti saa tatu usiku, na dagaa wa huko asiwasahau.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi shosti wako,
wa Makongo