Barua kwa vijana wachora katuni: zibeni ile kofia kwanza

Wanangu na wajukuu zangu mnaochora katuni za siasa, hamjambo? Mimi mzee wenu nawafuatilia sana, mikono mnayo, ila uchumi ukiyumba tu naona katuni zenu zote zinafanana, kiongozi ana tumbo kubwa kakumbatia gunia la hela, basi imeisha. Kuna picha moja ya Marekani naomba mkae nayo, inaitwa The Times, kaichora Edward Williams Clay mwaka 1837, ikachapwa New York na Henry Robinson.

Mwaka ule mwezi wa 5 benki za New York ziligoma kuwapa watu dhahabu na fedha kwa noti zao, ikawa balaa. Sasa Clay kachora mtaa siku ya sikukuu ya uhuru, na bendera imeandikwa miaka 61 ya uhuru. Angani kaweka kofia, miwani na kiko vya Andrew Jackson, rais aliyekuwa ametoka madarakani miezi minne tu nyuma, pamoja na neno "utukufu". Hiyo kofia ndo kila mtu anaiona kwanza, ila nyie shukeni chini jamani. Benki ina kibao kwamba hapa hatulipi sarafu, yaani zile za dhahabu na fedha, jengo la forodha jirani yake lina kibao kwamba madeni yote yalipwe kwa sarafu. Vibao viwili tu! Mtu aliyekwama kati ya hiyo milango miwili utamwambia nini, mimi hapo kila nikiangalia roho inaniuma. Halafu kuna mafundi hawana kazi, baharia yuko peku, mjane na mtoto wake wanaomba, na mama kalala na kichanga chake kwenye mkeka wa majani, huku upande wa kulia wakili anafuatwa na gari zuri la farasi mpaka mlangoni kwake.

Lakini msimwamini Clay kwa kila kitu. Picha ile ilikuwa silaha ya wapinzani wa Jackson, kwa hiyo lawama yote imepanda kwenye kofia. Ni kweli Jackson mwaka 1836 aliagiza ardhi ya serikali ilipwe kwa dhahabu na fedha, hilo lilibana watu, ila Benki ya Uingereza nayo ilikuwa imebana mikopo, na bei ya pamba ikaanguka vibaya, na pamba hiyo walilima watumwa weusi wa kusini ambao wenye mashamba walikuwa wanawaweka rehani benki kama mtu anavyoweka hati ya nyumba. Mtaani kwa Clay hao hawamo. Na huyuhuyu Clay miaka michache nyuma alitoa mfululizo wa picha za kuwakejeli watu weusi huru wa mji wa Philadelphia, hukohuko Marekani, mavazi yao, maongezi yao, zikauzwa sana. Mkono uleule uliomhurumia baharia. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naona na nyie kuna watu mnawachora kwa dharau tu, na wengine hamuwachori kabisa.

Wiki hii itafuteni picha hiyo, muizibe kofia kwa kiganja, muanze kuisoma kutoka kwa yule mama kwenye mkeka.

Ni mimi mzee wenu.