Vyungu vya Usambara navyo vipewe kibao

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nieleze jambo moja kuhusu barabara ya Mombo hadi Lushoto, katika milima ya Usambara, yenye urefu wa kilomita zipatazo 33, ambayo kila anayeipanda kwa mara ya kwanza hurudi akisimulia kona zake, ukungu wake na maporomoko ya Soni, lakini ni nadra kumsikia akiwataja wafinyanzi.

Mwezi uliopita niliipanda pamoja na familia yangu, na muuza plamu mmoja wa pale Soni ndiye aliyetuelekeza kwa mama wa Kisambaa anayefinyanga vyungu nyuma ya nyumba yake. Hatumii gurudumu. Huviringisha udongo ukawa kama kamba nene, akaupandisha duru juu ya duru huku akikizunguka chungu, kisha hukikwangua kwa gunzi la mahindi na kukisugua kwa kijiwe alichorithi kwa mama yake, kilicholika upande mmoja kama kipande cha sabuni. Chungu hukaa kivulini siku kadhaa kabla ya kuchomwa, kwa kuwa kikiingia motoni na unyevu hupasuka. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Huyu jikoni kwake nilikuta sufuria za alumini tupu, kwani kila chungu kinachotoka salama motoni hukiuza.

Jioni, katika duka la hoteli tuliyofikia, nilikuta vinyago vya Kimakonde na shanga, wala hapakuwa na chungu hata kimoja. Vinyago hivyo ni kazi ya kuheshimiwa, ila asili yake ni kusini kabisa, mamia ya kilomita kutoka milima ile. Muuzaji alinijibu kwamba wageni hawabebi vyungu kwa sababu vinavunjika.

Ninawaomba wanaosimamia utalii wilayani waweke walau kibao kando ya barabara kinachoonyesha njia ya kwenda kwa wafinyanzi, na wenye hoteli watenge rafu moja kwa vyungu, kila kimoja kikiwa na jina la aliyekifinyanga. Kuhusu kuvunjika, chungu chetu cha maharage, tulichokinunua kwa shilingi 6,000, mama yule alikifunga kwa majani makavu ya mgomba, nacho kilishuka kona zote zile hadi Tanga bila ufa.

Msomaji wako,
Tanga