Harambee ya Kuwawezesha Wenye Ugonjwa wa Parkinson Kudumu katika Mazoezi

Wapendwa washarika, majirani, na wana wa Hai mlioko mbali na nyumbani,

Bwana Yesu asifiwe. Baraza la wazee linawaomba mchangie mazoezi ya kila Jumatano ya ndugu zetu wanaoishi na ugonjwa wa Parkinson. Utafiti uliofanyika hapa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008 ulibaini kwamba wengi wa waliokutwa na ugonjwa huu hawakuwa wametambuliwa wala kutibiwa, na hadi leo wapo wazee ambao kutetemeka kwao huchukuliwa kuwa ni umri tu.

Ubongo wa mgonjwa hupungukiwa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, hivyo mwili hukakamaa, hatua hufupika, na mara nyingine miguu hugoma kabisa mtu anapofika mlangoni. Dawa ya levodopa husaidia sana, lakini wataalamu hushauri pia angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, bila kuacha. Huko kutoacha ndiko kugumu, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huondoa hamu na kuleta uchovu na hofu ya kuanguka. Tunawasihi msiwaite wavivu. Tumewasikia wakiitwa hivyo, nasi tumeumia.

Tulipoanza, tulichora mistari ya chaki katika sakafu ya ukumbi, wakawa wanaivuka kwa kufuata mapigo ya pambio na makofi, na mzee mmoja aliyezoea kukwama mlangoni akapita bila kushikwa mkono. Masika ilipoingia, njia za mteremko zikawa utelezi mtupu, mahudhurio yakapungua, na waliokosa majuma kadhaa walirudi wakiburuta miguu kuliko awali. Nia walikuwa nayo. Kilichokosekana ni usafiri na mtu wa kuwapitia.

Tunahitaji shilingi 5,200,000 kwa mwaka mzima, yaani kila wiki 60,000 za bajaji ya kuwachukua na kuwarudisha, na 40,000 za mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Atakayetoa 100,000 atakuwa amegharimia Jumatano moja. Asiye na fedha tunamwomba atembee na mgonjwa jirani yake siku nyingine, dawa zikiwa zimeanza kufanya kazi mwilini, maana Jumatano pekee haifikishi dakika 150.

Harambee itafanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao baada ya ibada ya pili. Mtunza hazina atatoa stakabadhi kwa kila mchango, na hesabu zitasomwa kanisani kila robo mwaka.