Hepesi haitoki chooni

Mhariri,

Dada wa kazi akitoka malengelenge mdomoni, nyumba nyingi humtengea sahani, kikombe, hata choo. Ni kumwonea bure. Virusi vya hepesi, vinavyoleta malengelenge hayo, havidumu vikikauka nje ya mwili. Kiti cha choo na shuka si njia zake, na vyombo vinatakata kwa sabuni na maji tu. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 3.8 wa chini ya miaka 50 wana aina ya kwanza ya virusi hivi, ile hasa ya mdomoni, wengi tangu utotoni.

Virusi hivi huambukiza kwa ngozi kugusana na ngozi, au kwa mate mabichi. Anayestahili kulindwa ni mtoto mchanga, hasa wa chini ya wiki 6: busu la shangazi mwenye kidonda laweza kupeleka virusi kwenye ini au ubongo wake. Asimbusu mpaka kigaga kianguke chenyewe, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Mama mwenye kidonda mdomoni aendelee kunyonyesha, ila akifunike na anawe mikono kwa sabuni. Kidonda kikiwa kwenye titi, mtoto asinyonye upande huo. Mtoto akikataa ziwa, akilegea au akichemka, hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ngozi haina lengelenge.

Muuguzi Mkunga,
Tanga