Kuhusu hicho kivimbe cha kwapani

Mpendwa Zuhura,

Salamu, na pole kwa kukosa usingizi. Kabla ya yote, shoga yangu, acha kukibonyabonya hicho kivimbe. Unakiumiza, kinazidi kuvimba, kisha unashtuka upya.

Umesema kimetokea ghafla. Huenda ni kweli, au huenda kilikuwepo siku nyingi na mkono wako ndio umekipapasa juzi. Lipoma, ule uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, ndiyo tabia yake: laini, husogea ukiusukuma, kwa kawaida hauumi, na hukua taratibu kwa miaka hadi mwenyewe aukute na kudhani umeota usiku. Vinavyochomoza kwa saa au siku chache ni vingine: jipu, vilia la damu baada ya kugongwa, uvimbe wa kuumwa na mdudu, au mtoki.

Chako, kwa ulivyokieleza, nakishuku kuwa mtoki. Kwapani kuna tezi nyingi zinazopambana na vijidudu, na kidonda kidogo mkononi chatosha kuzivimbisha. Je, ulinyoa karibuni ukajikata? Kagua mkono mzima hadi pembeni mwa kucha. Kama ulidungwa chanjo bega la upande huo hivi karibuni, mwambie daktari, maana nayo huvimbisha tezi. Papasa na titi la upande huohuo. Ukikuta uvimbe wowote humo, usisubiri, hata kama hauumi.

Ngozi ikiwa nyekundu, ya moto, na panapwita, hilo ni jipu. Likande kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Usilikamue! Usaha unaweza kusambaa ndani. Likiwa kubwa, mhudumu wa afya atalipasua. Vidonge peke yake mara nyingi havitoshi.

Najua unachokiogopa, ingawa hukukiandika. Wengi hudhani kinachouma ndicho kibaya, lakini maumivu mara nyingi hutokana na maambukizi, na saratani nyingi mwanzoni haziumi. Basi usikimbilie kusema kisichouma ni saratani, maana lipoma nayo haiumi. Mimi ningeogopa uvimbe mgumu, usiosogea, unaozidi kukua, uliopita sentimita 5, au uliotokea juu ya mtulinga. Ningeogopa pia mtoki unaokuja na homa isiyoisha, jasho la kulowesha shuka usiku na kukonda bila sababu. Hapo daktari atatafuta kifua kikuu cha tezi, VVU na saratani ya tezi, na pengine achukue kinyama kidogo kikapimwe.

Wewe huna dalili hizo. Kipime kwa rula leo, uandike. Zikipita wiki 2 hakijapungua, nenda ukaonwe. Homa kali ikipanda, au ukaona mstari mwekundu unapanda mkononi, nenda siku hiyohiyo.

Huyo kaka yako mwenye uvimbe kinenani unaotoka akikohoa na kurudi akilala, hiyo inafanana na ngiri. Haiponi kwa dawa. Asikilize ushauri wa upasuaji. Siku ikigoma kurudi ndani, ikauma na akaanza kutapika, mkimbizeni hospitali bila kungoja kukuche.

Niandikie ukishapima.

Wako,
Mwanaidi